Shuka la Ubashiri

Mama Pasi alitaka majina manne tu. Majina manne ya timu, siku ya Ijumaa, kabla ya saa moja asubuhi. Mumewe alikuwa amempa kurasa kumi na moja.

"Mwalimu," alisema, amesimama mlangoni na mkoba begani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, "nani atamfunga nani?"

"Swali hilo halijibiwi juu juu, mke wangu."

"Lijibu juu juu hivyo hivyo. Gari la wafanyakazi halinisubiri."

Mumewe alivaa miwani. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, na tangu astaafu aliamini kwamba hakuna jambo chini ya jua lisiloweza kuelezwa kwa upepo, mvua na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Alifungua daftari.

"Tuanze na Reli. Reli wanatoka nyanda za juu. Hewa ya kule nyepesi. Sasa wakishuka huku chini..."

"Watashinda au watashindwa?"

"Wakishuka huku wanakuta hewa nzito, mapafu yanafurahi. Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo watashinda. Isipokuwa mvua inyeshe."

Mama Pasi alifumba macho. Miaka thelathini na mbili ya ndoa, na mtu huyu hajawahi kumaliza sentensi bila kuitilia mlango wa nyuma. Lakini alipoinama kuvaa kiatu cha pili aliona kimepakwa rangi kikang'aa, na chupa ya chai ilikuwa tayari ndani ya mkoba, imefungwa kwa kitambaa isimwagike. Hasira zikapungua, hazikuisha.

"Niandikie majina," alisema. "Majina peke yake. Hewa baki nayo."

Kama mechi hizo zingekuwa za kupoteza muda, asingejali. Lakini Mama Pasi, ambaye hajui mpira una dakika ngapi, alikuwa ameweka moyo wake wote kwenye mechi za mtoano za mwaka ule, na sababu yake ilikuwa hii.

Alifanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali. Walikuwa watano. Mzee Sabuni alisimamia mashine za kufulia. Pacha Mrefu na Pacha Mfupi, ambao hawakuwa hata ndugu, walikunja mashuka, mmoja huku mmoja kule, wakivutana na kusogeleana siku nzima. Fundi alishona viraka. Yeye mwenyewe alipiga pasi. Kila mwaka, ligi ilipokwisha, wote watano walipewa likizo ya wiki moja moja ndani ya wiki tano, na hakuna wiki ambayo wawili wangeweza kutoka pamoja, maana wagonjwa hawaachi kulala kwenye mashuka.

Ugomvi ulikuwa nani achague kwanza. Zamani walipiga kura kwa vikaratasi, mpaka ikagundulika kwamba Mapacha wanaweza kutambua karatasi kwa kupapasa mikunjo yake tu. Watu waliokunja mashuka miaka kumi na tano utawaficha nini? Mama msimamizi alikasirika, akasema kuanzia siku hiyo atatumia kitu ambacho hakuna mtu wa chumba kile anayeweza kukikunja. Akachagua mpira. Timu nane zikiingia kwenye mtoano, kila mfanyakazi abashiri nani atashinda: robo fainali nne, nusu fainali mbili, fainali moja. Mwenye pointi nyingi anachagua wiki kwanza. Wakilingana, mkongwe kazini anatangulia.

Na ili mtu asije akageuza maneno Jumatatu, ubashiri uliandikwa kwenye utepe kwa wino wa alama, ule ule wanaoandikia namba za wodi kwenye mashuka, ambao ukichemshwa mara mia hautoki. Fundi alizishona tepe hizo kwenye shuka kuukuu lililotundikwa ukutani, safu ya kila mtu chini ya jina lake. Kubadilishana wiki kulikatazwa kabisa, kwa sababu mwaka mmoja walibadilishana wee mpaka ikafika siku moja Mzee Sabuni akajikuta yuko kazini peke yake, na mashuka yamefika dirishani.

Mwaka huo Mama Pasi alihitaji wiki ya pili. Binti yake, aliyeolewa mbali, safari ya siku mbili kwa basi, alikuwa anatarajia kujifungua wiki hiyo. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika mwaka juzi, na Mama Pasi alipofika kwa kuchelewa alikuta kitanda kimeshatandikwa, nyumba imeshafagiliwa, na mwanawe amekaa pembeni hasemi. Yeye, dobi mzima, hakubakiziwa hata shuka moja la kumfulia. Jambo hilo halikumtoka. Safari hii alitaka awepo mlangoni kabla uchungu haujaanza.

Alikwenda kumwomba mama msimamizi. Mama msimamizi alimsikiliza, akamvutia kiti, kisha akasema kwa huruma, "Nikikupa wewe nje ya utaratibu, dada yangu, kesho kila mmoja ataniletea binti yake."

Na wiki ya pili ndiyo shule zinapofungwa. Tangu utaratibu uanze, wiki hiyo haijawahi kumfikia mtu wa pili. Wa kwanza kuchagua aliichukua palepale, kila mwaka, bila kufikiri.

Ijumaa hiyo Mama Pasi alifika na majina yake manne, akayaandika kwa mwandiko mkubwa, akawaachia wenzake kalamu. Akarudi kwenye meza ya pasi. Alipoinua macho kuangalia shuka la ukutani, nusura aunguze foronya.

"Mzee Sabuni," aliita. "Wewe unaumwa?"

"Mimi? Siumwi."

"Umeandika Posta atamfunga Reli."

"Nimeandika."

"Wewe! Wewe uliyemnyima mkweo kiti kwa sababu alivaa fulana ya timu nyingine!"

"Hakumnyima kiti," alisema Pacha Mfupi, "alimpa kile kibovu."

Mzee Sabuni hakucheka. Alikuwa mtu wa Reli tangu utotoni. Kofia yake ilikuwa ya Reli, na kikombe chake cha chai kilikuwa na picha ya kichwa cha treni. Posta walikuwa wamepanda daraja mwaka huo huo, na jezi zao zilisemekana kuwa za kuazima. Mzee alifunga mlango wa mashine kwa kishindo, akasema, "Mpira unadunda," kisha akageuza uso.

Mama Pasi akatazama safu nyingine. Mapacha, ambao hawakuwahi kukubaliana hata kuhusu saa ya kunywa chai, walikuwa wameandika sawasawa: timu dhaifu, timu dhaifu, timu dhaifu, timu dhaifu. Fundi vilevile. Alijiuliza kama wamerogwa wote kwa pamoja au wanamdhihaki yeye na mwalimu wake.

Mwisho wa wiki alikaa na mumewe karibu na redio. Posta walimfunga Reli moja bila. Timu nyingine mbili ndogo nazo zikawatoa wakubwa. Mvua haikunyesha popote. Wakubwa walishinda mechi moja tu kati ya nne, na katika mechi hiyo hiyo moja, Mwalimu alikuwa ameamua kwamba wadogo watashinda kwa sababu ya upepo wa kaskazini.

"Sifuri," alisema Mama Pasi.

"Sifuri ni tokeo adimu sana," alisema mumewe akiandika. "Kitakwimu, kupata sifuri ni kugumu karibu sawa na kupata zote."

"Mwalimu, nitakupiga na hiyo redio."

Jumatatu alitegemea kukuta kelele na vigelegele. Wenzake wanne walikuwa na pointi tatu kila mmoja. Alikuta msiba. Pacha Mrefu alikunja mashuka kama anayekunja sanda. Fundi alikuwa amejichoma kidole na sindano mara mbili. Mzee Sabuni alikuwa ameweka kikombe chake uso ukutani.

"Hongereni," alisema Mama Pasi, akimeza mate machungu.

"Tuache," alisema Mzee Sabuni.

Ijumaa ya nusu fainali ilikuja na vituko vyake. Hakuna aliyetaka kushika kalamu. Kila mmoja alikuwa na shughuli ghafla. Mzee Sabuni alikagua bomba lisilovuja. Mapacha walikunjua mashuka waliyokwisha kukunja.

"Andikeni basi," alisema Mama Pasi.

"Anza wewe, dada," alisema Pacha Mrefu.

"Mimi niko mkiani. Waliotangulia waanze."

"Hapana, hapana, anza wewe mpendwa," alisema Fundi, akamkabidhi kalamu kwa mikono miwili kama anayempa mtoto mchanga.

Mama Pasi akaandika majina mawili aliyopewa na Mwalimu, ambayo safari hii yalitokana na mwelekeo wa mto unaopita karibu na uwanja. Hakuwa hata amerudi mezani, wenzake wakaivamia kalamu, na mmoja baada ya mwingine wakaandika kinyume chake. Kinyume chake kabisa, wote wanne, bila hata kutazamana.

Aliwasha pasi, akazima, akawasha tena. Miaka yote hii alikula nao meza moja, alimshika mkono Pacha Mfupi alipofiwa na mama yake, na leo wanasimama mstari kumpinga mbele ya macho yake! Alipiga pasi mashuka sitini siku hiyo. Saa nane mchana, bila kuombwa, Mzee Sabuni alimsogezea boksi alilozoea kupumzishia miguu. Mama Pasi akalisukuma kwa mguu likarudi lilikotoka.

Jumapili jioni, timu zote mbili za Mwalimu zilikuwa zimeshatolewa.

Jumatatu Mama Pasi alifika akiwa ameshapiga hesabu. Wao tano, yeye sifuri, imebaki mechi moja. Hata mbingu zishuke, atachagua wa mwisho. Alivaa aproni yake, akasimama katikati ya chumba, akasema, "Nataka kujua kitu kimoja tu. Nimewakosea nini?"

Mashine zilikuwa zinanguruma. Mzee Sabuni akazizima, zote tatu, jambo ambalo halifanywi asubuhi.

"Mama," alisema kwa hasira, "huyo mumeo ni mtu wa namna gani?"

"Mume wangu kafanya nini?"

"Kafanya nini! Tumeandika timu mbovu ili tushindwe, zikashinda! Tukasema basi, tumsubiri Mama Pasi aandike, sisi tuende kinyume, yeye akipata sisi sote tukose. Tukaenda kinyume. Tukapata! Nimeona watu wa kukosa maishani mwangu, lakini huyo mzee hakosi kukosa!"

"Mlitaka kushindwa?"

"Tulitaka uende kwa mtoto wako," alisema Pacha Mfupi, akiangalia sakafu. "Fundi alikusikia ukiongea na mama msimamizi. Tukakubaliana."

"Nilipita tu pale mlangoni na pindo la pazia," alisema Fundi. "Sikusikiliza. Masikio yalisikiliza."

"Mimi," alisema Mzee Sabuni, akijipiga kifua, "niliandika Reli atafungwa. Kwa mkono huu. Kwa wino usiofutika. Na akafungwa! Nyumbani hawajui. Mke wangu akijua, sijui nitauweka wapi uso huu. Nimeisaliti Reli bure!"

Mama Pasi alitaka kucheka, akataka kulia, na vyote viwili vikagongana vikamtoa kikohozi. Akaenda akalivuta boksi la miguu, akaliweka mahali pake. Ikawa ndiyo samahani yake, na Mzee Sabuni akaielewa, maana aliziwasha mashine taratibu, moja baada ya nyingine.

Nyumbani jioni alimkuta Mwalimu amezungukwa na karatasi, kikombe cha chai kimepoa pembeni. Fainali ilikuwa Posta na Nyuki.

"Acha," alimwambia. "Haina maana tena. Hata nikipata, mimi wa mwisho."

Mumewe alivua miwani, akaifuta na pindo la shati kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.

"Nilidhani nikipima kila kitu," alisema, "sitakosea. Ile mara ya kwanza nilikwambia subiri mpaka Jumatatu ndipo usafiri. Mimi ndiye niliyesema bado kuna muda."

Mama Pasi hakuwa amelikumbuka hilo. Au alikuwa amelikumbuka zamani, kisha akalisamehe bila kumwambia. Alikaa karibu naye.

"Haya," alisema, "fainali nani?"

"Posta," alisema Mwalimu. "Kwa sababu..."

"Sitaki sababu."

"...sijui tu. Nawapenda. Jezi zao za kuazima."

Ijumaa aliandika Posta, kwa sababu mumewe alisema, na kwa sababu hakukuwa na cha kupoteza. Wenzake waliandika Nyuki, kwa mazoea. Jumapili Posta wakachukua kombe, na Mwalimu akazunguka meza mara mbili mikono juu.

"Sasa?" alisema Mama Pasi. "Sasa ndiyo unapata? Leo?"

Jumatatu mama msimamizi alikuja na kalenda yake na kalamu nyekundu. Wanne walikuwa na pointi tano, Mama Pasi moja. Kwa ukongwe, Mzee Sabuni alikuwa wa kwanza kuchagua, na alisimama mbele ya kalenda kama mshtakiwa.

"Ya pili, kama kawaida?" aliuliza mama msimamizi, na kalamu tayari imeshaanza kugusa karatasi.

Mzee Sabuni aliangalia kalenda. Akaangalia tena, akisogeza uso karibu. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Kisha akatamka polepole, kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka funguo, "Hebu ngoja. Mimi nachukua ya tano."

"Ya tano wanasafisha matangi. Mvua zitakuwa zimeanza. Hakuna mtu anayetaka ya tano."

"Mimi nataka."

Pacha Mrefu akamtazama Mzee Sabuni. Kitu kikapita usoni mwake. "Ya nne," alisema haraka.

"Ya tatu!" alisema Pacha Mfupi kabla hajaitwa.

"Ya kwanza," alisema Fundi, "na kesho kutwa naondoka, hata begi sijapanga."

Ikabaki ya pili. Mama msimamizi aliiandika kwa jina la Mama Pasi, akaweka kifuniko kwenye kalamu, akawaangalia mmoja mmoja.

"Kwa hiyo," alisema, "mngeweza kufanya hivi tangu mwanzo."

Wiki tatu walikuwa wamekesha na kushindwa, wamepigana na timu nane ili wasipate, na katika vichwa vinne hakuna hata kimoja kilichofikiria kwamba mtu anayechagua wa kwanza anaweza tu kuiacha wiki isiyokuwa yake.

"Yaani Reli..." alisema Mzee Sabuni, akakaa juu ya kapu la nguo chafu. "Yaani mimi niliandika Reli atafungwa..."

"Pole, kaka," alisema Mama Pasi.

"Niacheni kidogo."

Mchana ule, mama msimamizi alipokwenda kula, Mama Pasi alimpa Fundi kipande cheupe cha shuka, na Fundi akashona kiraka kidogo, nadhifu, juu ya utepe mmoja katika safu ya Mzee Sabuni. Mama Pasi akakipiga pasi palepale ukutani mpaka kikawa kama hakikuwekwa. Mama msimamizi aliporudi alikiona. Akasema chumba kina joto leo, akafungua dirisha.

Kabla Fundi hajaondoka, aliuliza, "Na Mwalimu anasema mtoto gani?"

"Mvulana. Eti kwa sababu ya majira."

Wakatazamana wote wanne, nyuso zikachangamka. Kesho yake Fundi alimkabidhi gauni dogo la kitambaa laini, lenye marinda matatu na utepe kifuani, na Mapacha wamelikunja vizuri hata likaenea kwenye kiganja.

Mama Pasi alifika kwa binti yake siku mbili kabla ya uchungu. Alifua, alipika, alinyoosha mgongo wa mwanawe kwa viganja vya moto. Uchungu ulipoanza alfajiri, alikuwa mlangoni.

Saa nne asubuhi alipiga simu chumba cha kufulia. Aliyepokea alikuwa Mzee Sabuni, mashine zikinguruma nyuma yake.

"Mtoto gani?" alipaza sauti.

"Mvulana."

"Mwalimu amepatia?"

"Amepatia."

"Sasa hivi! Mechi zimekwisha, likizo zimegawanywa, Fundi ameshamaliza marinda, ndiyo anaanza kupatia!" Alisikika akiwapigia kelele wengine, na Pacha Mrefu akijibu kitu, na kicheko. Kisha Mzee akarudi kwenye simu, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Na mama wa mtoto?"

"Amelala. Hajambo. Nilikuwepo."

"Basi," alisema Mzee Sabuni. "Basi, dada. Basi."

Mama Pasi alikata simu, akaenda kuangalia ndoo. Kulikuwa na mashuka matatu ya kufua, kanga mbili, na vitambaa vidogo visivyohesabika. Akakunja mikono ya blauzi. Alipomaliza kuanika, alichukua pasi ya binti yake, akalitandaza lile gauni mezani, akaguna, akaanza kunyoosha marinda, moja moja, maana mjukuu wake angelivaa hivyo hivyo.